Komparata LM393: mezani inakata betri kwenye volti 11.6, ikienda ziwani inachelewa. Ni mipaka ya inputi au kuna mchawi mwingine?

#1 FundiIgoma

Wakuu, habari za jioni.

Nipo Mwanza, Igoma. Natengeneza viboksi vya kulinda betri za taa za dagaa, zile betri za asidi za volti 12 ambazo vijana wanaingia nazo ziwani usiku. Kazi ya kiboksi ni moja tu: betri ikishuka hadi 11.6 hivi, taa zizimwe kabla betri haijaumia.

Saketi yangu iko hivi. Betri inaingia kwenye 78L05 (chipu ya kushusha volti), napata volti 5 za kulisha LM393, ile komparata, yaani chipu ya kulinganisha volti mbili. Mguu namba 2 una zena ya 3.6, ndiyo volti ya rejeo ya kulinganishia, inayolishwa na rizista ya omu 220 kutoka kwenye hizo volti 5. Nikipima pale napata 3.62. Mguu namba 3 unachukua betri kupitia 22k juu, na chini nimeweka trimpoti (rizista ya kurekebisha) ya 20k niliyoiseti karibu na 10k. Autiputi, mguu namba 1, ina 10k ya kuvutia juu hadi kwenye volti 12 za betri, halafu inaingia geti la IRFZ44N, MOSFET inayofanya kazi ya swichi ya taa. Taa zinakaa upande wa dreini. Hakuna cha ziada.

Mezani kwangu, na saplai ya kurekebisha, inakata 11.6 bila ubishi. Viboksi vikienda ziwani, betri zinarudi alfajiri zikiwa 10.4, nyingine 10.2. Nikikirudisha kiboksi mezani mchana, kinakata 11.6 kama hakuna kilichotokea.

Jamaa mmoja kaniambia eti nimevuka mipaka ya volti za inputi za komparata. Sasa mbona mezani inafanya kazi? Naomba kujuzwa.

#2 KijanaBuzuruga

Nipo siti ya mbele, karanga mkononi. Wataalamu mje.

#3 MzeeWaSolda

Chipu feki hizo. Siku hizi wanafuta maandishi wanapiga mengine. Funga uzi.

#4 MwalimuSengerema

Mkuu FundiIgoma, jamaa yako hakukosea. LM393 ukiilisha volti 5, eneo lake halali la inputi linaanzia sifuri hadi saplai ukitoa 1.5, yaani 3.5. Hiyo ni kwa nyuzi 25. Ukitaka uhakika kwa joto lote la kazi, datashiti (karatasi ya vipimo ya mtengenezaji) inakwambia utoe 2, maana yake ubaki na volti 3 tu.

Sasa tazama ulivyoweka. Mguu wa 2 una 3.62, tayari uko nje. Betri ikiwa 12.7, mguu wa 3 una kama 3.97, nao uko nje. Inputi zote mbili ziko juu ya mstari, na hapo mtengenezaji hakuahidi jibu lolote. Kama ingekuwa moja tu imezidi na nyingine iko ndani, jibu lingetoka sahihi. Hilo nalo limeandikwa.

Kwa nini saplai ukitoa 1.5? Inputi za hii chipu ni transista za PNP, mbili zimepandana kwa kila mguu. Ili zipitishe mkondo, lazima ibaki nafasi juu yake ya volti za beizi na emita mara mbili, pamoja na kidogo cha chanzo cha mkondo kinachozilisha. Ukijumlisha unafika huko huko 1.5. Inputi ikipanda kuliko hapo, ile transista inakosa hewa.

Mizani ya pale Mwaloni Kirumba ukiibebesha kuliko mwisho wa namba zake, mshale unagonga kizuizi. Hujui tena gunia lipi zito. Chipu haijafa, ila imeacha kupima.

#5 NyegeziElektroniki

Mwalimu, hapo naomba tupingane kidogo. Datashiti ya LM393 inasema inputi inavumilia hadi volti 36, na haijalishi saplai ni ngapi. Nimewahi kuweka volti 12 kwenye inputi, chipu ikiwa inakula 5, na haikuungua. Sasa hiyo 3.5 unaitoa wapi?

#6 MwalimuSengerema

NyegeziElektroniki, umesoma jedwali la kwanza ukafunga faili. Kuna mipaka ya kutokufa na kuna mipaka ya kufanya kazi. Volti 36 ni ya kutokufa. Saplai ukitoa 1.5 ni ya kufanya kazi. Zote ziko kwenye faili moja, kurasa tofauti.

Na hiyo 36 usiichukulie kwamba kila komparata inayo. LM393, pamoja na ndugu yake LM339 mwenye komparata nne, hazina daiodi kutoka inputi kwenda saplai, ndiyo maana zinavumilia. Komparata nyingi za CMOS, aina nyingine ya chipu, zina daiodi za ulinzi juu na chini. Hizo ukizidisha saplai kwa 0.3 tu, daiodi inaanza kufunguka na mkondo unapita pasipotakiwa.

#7 KijanaBuzuruga

Mzee wa Solda alisema tufunge uzi. Naona ndiyo kwanza unafunguka 😂

#8 MamaTransista

Habari zenu. Mwalimu shikamoo, nakubaliana na wewe kwenye #4 na #6, ila hiyo hesabu haimalizi kesi.

Nilishapima LM393 kadhaa zikiwa na volti 5. Inputi zote zikizidi, mara nyingi autiputi inaachia, yaani transista ya kutokea inazima. Kwenye saketi ya FundiIgoma autiputi ikiachia, geti linavutwa juu na taa zinabaki zinawaka. Sawa. Lakini betri inazidi kushuka, na mguu wa 3 nao unashuka. Ukishaingia chini ya ule mstari, inputi moja iko ndani na nyingine iko nje, na wewe mwenyewe umesema hapo jibu linakuwa sahihi. Kwa hiyo taa zitazimwa. Zitachelewa, lakini zitazimwa.

Tuchukue mstari uwe 3.5 kamili. Ukigawa kwa uwiano wa hizo rizista, 10 kwa 32, unapata betri ya 11.2. Tuchukue chipu mbaya kabisa yenye mstari wa 3.3, unapata kama 10.6. Na betri ya asidi ukishaiondolea mzigo inapanda yenyewe. Kama asubuhi inasoma 10.2 ikiwa imepumzika, usiku chini ya mzigo ilishuka kuliko hapo. Mipaka ya inputi peke yake haikufikishi huko.

#9 MwalimuSengerema

Marahaba Mama. Hoja nzuri. Lakini "mara nyingi inaachia" si ahadi ya kiwandani. Chipu ya kundi jingine inaweza kufanya kinyume.

#10 OmenaKisumu

Salamu kutoka Kisumu majirani. Huku pia tunafunga hizi kwa boti za omena. Nauliza, mezani joto lilikuwa ngapi? Ziwani usiku ni ngapi?

#11 FundiIgoma

OmenaKisumu, banda langu ni la bati. Saa nane mchana humo ndani ni moto, naweza kusema nyuzi 33 au 34. Ziwani usiku sijui, ila vijana wanavaa makoti.

#12 OmenaKisumu

Basi hapo ndipo mimi ningetafuta. Volti ya beizi na emita hupanda chipu ikipoa, karibu milivolti 2 kwa kila nyuzi. Mwalimu amesema ziko mbili zimepandana, kwa hivyo mstari wenu wa 3.5 unashuka kama milivolti 4 kwa kila nyuzi inayopungua. Na zena ya 3.6 inakwenda upande mwingine, ikipoa volti yake inapanda kidogo. Rejeo linapanda, mstari unashuka. Mchana uko ndani kwa bahati, usiku uko nje.

#13 NyegeziElektroniki

Sasa hiyo imekaa vizuri! Ndiyo maana ikirudi bandani inapona.

#14 MamaTransista

Imekaa vizuri mpaka upige hesabu. Tofauti ya nyuzi 15, mara milivolti 4, ni milivolti 60. Kwenye betri hiyo ni volti 0.2. Ongeza na zena, bado hujafika hata nusu volti. Tunatafuta volti nzima na zaidi.

#15 MzeeWaSolda

Chumvi. Unyevu wa ziwa una chumvi, unakula bodi.

#16 KijanaBuzuruga

Mzee, Ziwa Victoria lina chumvi tangu lini? Tunakunywa maji yake hapa Mwanza kila siku. Hiyo chumvi uliionja Tanga.

#17 MzeeWaSolda

Nimesema unyevu. Msiwe wepesi wa kushika maneno. Bodi isiyosafishwa fluksi ikipata unyevu inavujisha mkondo, liwe ziwa au bahari.

#18 MwalimuSengerema

Kuvujisha kungeleta shida kama angetumia rizista za megaomu. Kwa 22k na 10k, uvujaji mdogo wa fluksi hauonekani kabisa. Hata mkondo wa beizi wa LM393 yenyewe, ambao kwa kawaida ni nanoampia 25 na kwa ubaya kabisa 250, hapo unaleta chini ya milivolti 2. Tuendelee.

#19 DagaaMwaloni

Wakubwa mimi si fundi, mimi nina mitumbwi. Nimesoma tangu juu, nimeelewa robo. Niseme langu.

Mnajua dagaa wanavuliwa kwenye giza, mwezi ukiwaka tunapumzika. Kwa hiyo siku za kazi ni chache, na kila usiku una thamani. Taa zinawekwa majini, dagaa wanakusanyika taratibu chini ya mwanga, halafu ndiyo unazungusha nyavu. Sasa fikiria saa tisa usiku, dagaa wamejaa pale chini unawaona wanang'aa, halafu kiboksi cha fundi kinasema "betri imefika 11.6" na giza linaingia. Unadhani vijana watakaa wakae wanasubiri kukuche?

Vijana wanachukua waya na klipu mbili, wanaruka kiboksi, wanaunga betri moja kwa moja kwenye taa. Asubuhi kabla hamjafika mwaloni wanarudisha kama kilivyokuwa. Mimi mwenye mtumbwi ndiye nanunua betri mpya.

#20 KijanaBuzuruga

😂😂😂 Mwalimu na PNP zake, Mama na milivolti zake, kumbe ni klipu ya mamba.

#21 FundiIgoma

DagaaMwaloni asante kaka. Umenifanya nikaangalie. Kiboksi kimoja kilichorudi kina mikwaruzo kwenye skrubu za kutokea, kama meno ya klipu. Lakini vingine viko safi kabisa, na hivyo pia betri zake zilirudi chini ya 10.5.

#22 NyegeziElektroniki

Mwingine anatumia koleo, halikwaruzi.

#23 FundiCapripoint

Nimechelewa kwenye uzi. Kitu ambacho hakuna aliyekisema: FundiIgoma, hujaweka histeresisi, yaani pengo kati ya volti ya kuzima na ya kuwasha tena. Betri ikifika 11.6 taa zinazima, mzigo ukitoka betri inapanda hadi 12, komparata inawasha tena, betri inashuka, inazima. Inapepesa. Wakati wa kupepesa geti halijai wala haliishi, kwa hiyo IRFZ44N inakaa nusu imefunguka na inachemka. MOSFET ikiungua mara nyingi inafungana dreini na sosi, na taa haizimi tena milele. Pima MOSFET za viboksi vilivyorudi.

Dawa: rizista kutoka mguu wa 1 kurudi mguu wa 3. Hapo kwenye mguu wa 3 upinzani wa chanzo ni 22k na 10k sambamba, kama 6.9k. Ukiweka 270k unapata pengo la karibu volti 0.95 upande wa betri. Ikikata 11.6, hairudi hadi 12.5 na kidogo.

#24 MamaTransista

270k ni sahihi, lakini ukishaiweka usisahau kuseti upya, kwa sababu autiputi ikiwa juu inausukuma mguu wa 3 nao upande. Inampeleka nje zaidi ya lile eneo la Mwalimu.

Kuhusu MOSFET iliyofungana, amesema mezani vinakata 11.6. MOSFET iliyoungua haiponi kwa kupanda daladala ya Igoma.

#25 FundiCapripoint

Inategemea mezani anapima nini. Kama anaangalia mguu wa 1 tu bila taa, hatajua.

#26 FundiIgoma

Naangalia taa. Nafunga balbu ya pikipiki, inazima.

#27 OmenaKisumu

Na engine? Boti ikiwasha mashine kuna kelele za umeme. Inputi ikivutwa chini ya graundi kwa zaidi ya 0.3, LM393 inafanya mambo ya ajabu.

#28 MwalimuSengerema

Hilo lipo kwenye datashiti, tena limeelezwa vizuri. Inputi ikienda hasi, kiungo cha kolekta na beizi cha ile PNP kinafunguka kama daiodi, na ndani ya kipande kile cha silikoni inajitokeza transista ya NPN ambayo mchoraji hakuikusudia. Autiputi inaweza kuruka juu, hata ya komparata ya pili ambayo haijaguswa. Haiui chipu ikiwa mkondo hauzidi miliampia 50, na volti ikirudi juu ya hasi 0.3 kila kitu kinakuwa sawa.

Kwa hiyo mpaka wa chini nao ni wa aina mbili. Kwa kutokufa unaangalia mkondo, kwa kufanya kazi unaangalia 0.3.

#29 DagaaMwaloni

Mashine tunazima tukishafika. Huwezi kuita dagaa huku mashine inanguruma. Na za huku nyingi ni za kuvuta kamba, hazina hata betri yake.

#30 NyegeziElektroniki

Mtu akigeuza vichwa vya betri gizani je? Hasi kwenye chanya.

#31 MwalimuSengerema

Inputi itapona. Kuna 22k njiani, volti 12 hasi zinaleta nusu miliampia tu. 78L05 ndiyo ya kuisikitikia, nayo ikiondoka kiboksi kisingefanya kazi mezani. Daiodi moja kwenye njia ya chanya inamaliza hilo.

#32 MzeeWaSolda

Narudi kwenye hoja yangu ya #3 mliyoicheka. LM358 ina miguu sawasawa na LM393, namba kwa namba. LM358 ni opampu, yaani kikuza volti, si komparata. Mtu akipiga maandishi ya LM393 juu ya LM358, unaichomeka na inaonekana inafanya kazi. Kuna kipimo kisichohitaji oskiloskopu. Toa ile 10k ya kuvutia juu, ukate na geti. Weka mguu wa 3 juu ya mguu wa 2, pima mguu wa 1. LM393 ni kolekta wazi, haina cha kusukumia juu, multimita itasoma karibu na sifuri au namba inayoyumbayumba. LM358 itakupa volti tatu na nusu hivi, imetulia kabisa.

#33 MamaTransista

Mzee, hapo nakuvulia kofia. Na kama ni LM358 kweli, ile 10k inayovuta kwenda volti 12 wakati chipu inakula 5 ni balaa lingine, kwa sababu autiputi ya opampu haikubali kupandishwa juu ya saplai yake. Ya LM393 inakubali.

Mipimo hiyo ifanyike huku inputi zote ziko chini ya volti 3, isije ikachanganywa na ugonjwa wa #4.

#34 KijanaBuzuruga

Mzee wa Solda kapiga goli dakika ya tisini. Nafuta neno la Tanga.

#35 FundiIgoma

Wakuu nimerudi. Nimepima alivyosema MzeeWaSolda. Chipu zote nilizo nazo dukani ni kolekta wazi kweli. Si LM358.

Halafu nimefanya jingine kwa ushauri wa jirani yangu muuza sangara. Nimefunga bodi mbili kwenye mifuko ya nailoni, nikazizika kwenye deli lake la barafu, nyaya zikiwa nje. Moja ilihama kutoka 11.6 hadi 11.3. Nyingine haikuhama kabisa, barafu na joto ni 11.6 tu.

#36 OmenaKisumu

Si nilisema. Ni baridi.

#37 MamaTransista

Moja imehama 0.3 kwenye barafu, ambayo ni baridi kuliko ziwa. Nyingine haikuhama. Na zote mbili bado haziendi 10.2. Omena, umeshinda robo ya kesi.

FundiIgoma, nieleze hiyo trimpoti. Ni ile ndogo ya bluu ya wazi, au ya chuma iliyofungwa? Na mguu wa katikati umeuunga vipi?

#38 FundiIgoma

Ni ile ya wazi ya bei nafuu. Mguu wa katikati na wa pembeni nimeunganisha pamoja, vinaenda graundi.

#39 MamaTransista

Sikiliza basi. Mtumbwi unatikiswa na mawimbi usiku kucha, na umande unaingia. Kile kidole cha katikati cha trimpoti kikipoteza mgusano hata kidogo, kwa sababu umekiunga na mguu wa pembeni, rizista ya chini inaruka kutoka 10k hadi 20k nzima. Uwiano unakuwa 20 kwa 42. Piga hesabu: 3.62 gawa kwa hiyo, kiboksi kitakata betri ikifika 7.6. Yaani hakikati. Taa zitafifia zenyewe kabla yake.

Na angalia mguu wa 3 wakati huo. Betri ikiwa 12.7 unabeba volti 6, chipu ikiwa inakula 5. Komparata ya CMOS ingelalamika kwa daiodi zake, mkondo ungevuja, pengine ungeona 78L05 inapandishwa na ungeshtuka. LM393 imekaa kimya. Uvumilivu wake ndio unaoficha ugonjwa. Asubuhi fundi anakishika kiboksi, anakigonga mezani, kidole kinagusa tena, na inakata 11.6.

#40 NyegeziElektroniki

Duh.

#41 MwalimuSengerema

Hoja ina uzito. Lakini viboksi vyote vipoteze mgusano usiku ule ule?

#42 MamaTransista

Hakusema vyote. Amesema betri nyingine 10.4, nyingine 10.2, na nyingine ziliungwa kwa klipu. Hatujui ngapi zilikata vizuri, kwa sababu betri iliyo nzima hakuna anayeileta kulalamika.

#43 DagaaMwaloni

Hilo kweli. Mimi nina viboksi vyake vinavyokata vizuri, hadi vijana wanavitukana.

#44 FundiCapripoint

Vyovyote iwavyo, yarekebishe yote kwa mkupuo. Chipu ilishe moja kwa moja na betri, LM393 inakula kuanzia volti 2 hadi 36, hizo 5 umezitafutia nini? Betri ikiwa 11, ukitoa 1.5 unabaki na eneo hadi 9.5, na 3.6 yako inaelea katikati bila wasiwasi. Weka kapasita ya 100n karibu na mguu wa 8 na wa 4. 78L05 ibaki ya kulisha zena tu.

#45 MwalimuSengerema

Naunga mkono, ila zena nayo iondoke. Weka TL431, chipu ya rejeo, inakupa 2.495 iliyotulia kuliko zena yoyote ya volti ndogo. Juu weka 33k na 3.3k mfululizo, chini 10k ya kudumu, unakata kwenye 11.55 bila trimpoti. Hapo hata ukibaki na saplai ya volti 5, 2.5 iko ndani ya eneo kwa joto lolote. Ya chuma ya asilimia 1, siyo ile ya kaboni.

#46 FundiIgoma

36k moja siipati, ila 33k na 3.3k zipo. Giza linalokuja natoa vya aina tatu: kimoja nabadilisha saplai tu, kimoja natoa trimpoti tu, kimoja nafanya yote ya #44 na #45. Nitaweka na silikoni juu ya skrubu ili nijue aliyeruka.

#47 DagaaMwaloni

Silikoni wataitoa kwa kisu cha samaki. Weka buza ilie dakika kumi kabla ya kuzima, vijana wawahi kuzungusha nyavu. Hapo hawatakiruka.

#48 FundiCapripoint

LM393 ina komparata mbili ndani na yeye anatumia moja. Ya pili, miguu ya 5, 6 na 7, aiseti kwenye 11.9 na iendeshe buza. Sasa hivi umeiacha inaelea, FundiIgoma?

#49 FundiIgoma

Inaelea.

#50 MwalimuSengerema

Mungu wangu. Inputi za PNP zikiachwa hewani zinapanda zenyewe, kwa sababu mkondo wa beizi unatoka nje ya mguu. Zisipotumika, zifunge graundi.

#51 OmenaKisumu

Mimi ningeacha hizi chipu za zamani, ninunue komparata za CMOS ambazo inputi zinafika hadi kwenye saplai yenyewe. Shida ya 1.5 inaisha.

#52 MamaTransista

Inaisha, inaingia ya #6. Kuna swichi kwenye kiboksi? Ikizimwa, volti 5 zinaondoka lakini betri bado inasukuma mguu wa 3 kupitia 22k. Mkondo unaingia kwa daiodi ya ulinzi na kuilisha chipu kwa mlango wa nyuma. Haitaungua, 22k inauzuia usifike hata miliampia moja, lakini itakaa nusu usingizi na autiputi usiyoijua. Nyingi za hizo chipu pia hazivuki volti 5 au 6 za saplai, kwa hiyo huwezi kuilisha na betri moja kwa moja. Kwa mtumbwi mimi nabaki na LM393.

#53 NyegeziElektroniki

Swali la pembeni, wakuu. Mimi nina NE5532 nyingi zimebaki kwenye amplifaya. Naweza kuzitumia kama komparata?

#54 MzeeWaSolda

Usithubutu. Ndani ina daiodi mbili zilizogeuziana kati ya inputi na inputi. Tofauti ikizidi 0.6 zinafunguka, na inputi moja inaanza kuivuta nyingine. Komparata kazi yake ni kuona tofauti kubwa, sasa hiyo itaona nini?

#55 KijanaBuzuruga

Na betri za lithiamu je? Naona siku hizi Mwaloni wanaziuza, nyepesi, mtu mmoja anabeba mbili.

#56 MamaTransista

Za fosfeti ya chuma, seli nne, volti 12.8. Ndani zina bodi yake ya kukata, ila nyingi zinakata seli ikifika 2.5, yaani betri nzima kama 10. Na volti yake imelala, inakaa karibu na 13 karibu usiku mzima halafu inaporomoka. Buza ya 11.9 itakulilia wakati imeshaisha. Hapo unapandisha hadi 12.8 hivi ikiwa na mzigo, na hata hivyo onyo litakuwa fupi.

#57 DagaaMwaloni

Mama, bei yake ikoje ukilinganisha na ya asidi? Na ikianguka majini inaokoleka?